Mpiga Pasi Anayekimbia kwa Mwendo wa Salamu

Kumekucha nusu tu. Taa za barabarani bado zinawaka, ingawa hazina kazi tena. Mwanamke mwenye sweta la kijivu anakuja akikimbia ukingoni mwa lami, taratibu mno, hata mbwa wa geti la ghala anamtazama mara moja kisha anarudi kulala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" anajibu mlinzi, kajikunja ndani ya koti lake.

"Sijambo. Umeamkaje? Mgongo?"

"Mgongo ndio huohuo. Nyumbani wazima?"

"Wazima, babu. Pole na mgongo."

"Nimeshapoa. Haya, nenda mama, nenda."

Salamu yote hiyo imepita bila mwanamke huyo kusimama. Nyuma yake, juu ya baiskeli yenye kengele iliyokufa zamani, mzee mmoja anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo sawa," anasema. "Hukukata neno hata moja."

Mzee huyo ni kocha. Juu ya keria ya baiskeli yake, kashikilia kiti kwa mikono miwili na kujuta kwa nini hakuomba mahojiano ya kukaa mezani, yuko mwandishi wa makala haya.

Mwanamke anayekimbia mbele yetu huitwa Pasi. Ndivyo wanavyomwita kazini, mtaani, na hata kwenye mstari wa kuanzia mbio, kwa kuwa ni mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Wakimbiaji wengi wa kike wa mji huu wanamfahamu kwa kisogo tu, maana sehemu nyingine za mwili wake hawakupata kuziona mbio zikishaanza.

Sasa anajifunza kukimbia polepole. Anaapa kuwa tangu azaliwe hajafundishwa jambo gumu kama hilo.

"Kukimbia kasi ni kuuma meno tu," anasema baadaye, akiwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa kiwanda, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Polepole inataka roho. Na roho yangu mimi, we acha tu."

Kanuni ya salamu ni ya kocha mwenyewe. Ni fundi baiskeli, na amefundisha wakimbiaji tangu ujana wake bila kulipwa chochote zaidi ya asante. Wengine wana saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Yeye anasema ana watu.

Siku ya mwendo mwepesi, mkimbiaji wake anatakiwa kumwamkia kila anayempita, salamu kamili, ya mtu mwenyewe, ya nyumbani na ya kazi, halafu asikilize jibu. "Ukimpita mtu mzima ukamtupia nusu ya shikamoo, ukamwacha na marahaba yake mdomoni, umekwenda kasi," anasema. "Unarudi ulikotoka, unaanza upya."

Lakini mtu atashindaje mashindano kwa kujikokota? Kocha anaudhika kidogo akiulizwa hivyo. "Siku ya kasi unabomoa," anasema. "Siku ya taratibu ndipo fundi anaingia kukarabati. Usipompa nafasi, nyumba itakuangukia. Hawa mabinti zangu hawakumpa nafasi hata siku moja."

Anasema mabinti kwa sababu walikuwa wawili.

Wa pili alikuwa wifi yake Pasi, dada wa mumewe. Walikaa nyumba moja, wakafanya kazi chumba kimoja kiwandani, huyu akipiga pasi na yule akikunja, na alfajiri walikimbia barabara hiihii bega kwa bega. Bega kwa bega ndiyo hasa ilikuwa balaa.

"Mmoja wetu akitanguliza bega kidogo, kidogo hivi," anasema Pasi akipima kwa vidole, "mwenzake analirudisha nyuma. Huyu anaongeza, yule anaongeza. Tumeambiwa twende mwendo wa salamu, tunarudi nyumbani ulimi nje."

Walitaniana njia nzima, kama mawifi wanavyotaniana. Wifi leo utakula vumbi langu. Vumbi lako? Wewe hata kivuli changu hukijui. Kocha alikuwa akiwafokea kutoka kwenye baiskeli mpaka sauti inakauka, nao wanacheka.

Mlangoni, kabla hawajatoka, walikaguliwa na mama mkwe wake Pasi, yaani mama mzazi wa wifi. Mama huyo miguu yake haina nguvu, anatembea kwa mkongojo, lakini alikuwa akiamka kabla yao. "Kamba! Kamba za viatu!" alikuwa akipaza sauti. "Mtajivunja meno huko mkaniletea aibu mimi!" Majirani wanakumbuka alivyowatambia dukani kuwa ana farasi wawili, mmoja kamzaa na mwingine kaletewa na mwanawe.

Zawadi zao zimejaa nyumba ile mpaka leo. Ndoo, mablanketi, saa ya ukutani isiyokwenda, godoro walilolishinda kwa pamoja wakagombana nani alilalie, wakaishia kumpa mama.

Mwaka jana, msimu wa joto, wifi aliugua homa. Alipoinuka kitandani alikuwa mwepesi, nguo zinamcheza mwilini. Kocha alimruhusu kutoka kwa sharti kwamba watakwenda polepole kabisa, salamu kwa kila mtu, na wageuze njiani. Yeye mwenyewe hakufuatana nao siku hiyo. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika.

Fundi baiskeli, akakwama kwa mnyororo. Analisema hilo bila kuulizwa.

Walichelewa kutoka, jua likiwa limeshapanda. Msukuma mkokoteni wa maji, ambaye yuko barabarani kila siku ya Mungu, aliwaona wakipita. "Hawakunisalimia," anasema. "Nikajua leo hao wameanza tena. Walipita kama wamefukuzwa."

Karibu na kalavati, pale maji ya mvua yanapovuka chini ya barabara, Pasi alitanguliza bega. Akasikia pumzi ya wifi yake ikibaki nyuma. Akaongeza mwendo, na ile pumzi hakuisikia tena.

"Nilidhani nimemshinda," anasema.

Aliendelea mpaka kwenye nguzo waliyozoea kugeuzia. Akageuka, mikono kiunoni, anacheka. Barabara ilikuwa tupu. Kule mbali, kwenye ukuta mfupi wa kalavati, aliona kitu cha rangi ya njano kimelala chini, na fulana ya wifi yake ilikuwa ya njano.

"Nilikuwa nimeshaandaa kejeli ya kumwambia," anasema. "Nzuri kweli, ningemkera wiki nzima. Ilikuwa hapa mdomoni. Mpaka leo sijui niiweke wapi."

Anajipepea. Ndani, mashine ya kukamua maji inaanza kunguruma, na kwa kitambo hatusikilizani.

Daktari alisema moyo ulikuwa umedhoofishwa na ugonjwa, ukashindwa na joto na mbio. Alisema pia kwamba hata kama Pasi angesimama pale pale, huenda isingesaidia. Pasi amelishika hilo neno huenda kuliko maneno mengine yote ya daktari.

Siku ya msiba, mbele ya watu, mama mkwe alimuuliza swali moja. "Ulimwacha?"

"Ndiyo, mama."

Basi. Hakuulizwa tena, wala hakuambiwa tena kitu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Pasi anasimama kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe wake na kumwamkia. Shikamoo, mama. Haijibiwi. "Chai anapokea," anasema. "Maji ya kuoga anapokea. Dawa ya kuchua miguu anapokea, namchua mwenyewe. Salamu hapokei."

Mumewe, dereva wa lori la masafa, hurudi mara moja kwa wiki mbili na kukuta nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Amejaribu kusema na mama yake mpaka akachoka. "Hamsemi vibaya mke wangu," anasema kwa simu, injini ikisikika nyuma yake. "Angalau angemsema vibaya. Hamtaji kabisa. Hata akitaka chumvi iliyo mbele ya mke wangu, ananyoosha mkono mwenyewe mpaka aifikie. Mimi nakaa katikati nakula kama mwizi."

Mtu angedhani Pasi ataacha mbio. Wapi! Alizidisha. Alikimbia kabla ya zamu na baada ya zamu, peke yake, kasi ya kufa na kupona. Kocha alikuwa amejifungia na baiskeli za watu, hataki kumwona mkimbiaji yeyote, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia.

"Nikikimbia kasi sisikii kitu," anaeleza. "Upepo tu masikioni. Nikipunguza, namsikia anapumua hapa pembeni yangu. Sasa ningepunguza vipi?"

Muundi wa mguu wa kushoto ulianza kuuma. Aliufunga kwa utepe aliochana kutoka shuka bovu, akavaa soksi ndefu juu yake. Kazini, ambako hulipwa kwa idadi ya mashuka na si kwa siku, alijifunza kusimama kwa mguu mmoja. Zamu moja ni mashuka kama mia mbili. Unatandaza, unanyunyiza, unapiga, unageuza, na mvuke unakupanda usoni, na hakuna kiti, kwa sababu pasi ile nzito haipigwi na mtu aliyekaa.

Siku moja mguu ulimkatalia katikati ya shuka. Akaangukia meza, mkono ukatua kwenye pasi. Alama yake ipo mpaka sasa kwenye kigasha cha mkono wa kulia, pembetatu ya kahawia yenye ncha, na wenzake kazini, watu hawana haya, wanamwambia sasa ana jina na picha yake.

Msimamizi wa zamu alimpeleka hospitali akidhani ni kuungua tu. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi.

"Daktari aliniambia, mama, huu ufa ukikua utakuwa mvunjiko. Hapo usahau mbio, na usahau hata hiyo kazi ya kusimama," anasema. "Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa. Nilikuwa nawaza nitatoka saa ngapi nikakimbie."

Msimamizi ndiye aliyekwenda kumgongea kocha. Kocha alikuja nyumbani akakaa kwenye mkeka, hakunywa chai, akamwambia Pasi atarudi kumfundisha kwa sharti moja tu, kwamba mwaka mzima hatamwona akikimbia kasi. Alimpumzisha kwanza miezi mitatu mpaka mguu ukaacha kuwaka. Kisha wakaanza.

Ilikuwa aibu tupu. Wasichana aliokuwa akiwaacha nyuma walimpita wakimtazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomuuma. Muuza mayai alimpita na trei zake kichwani. Siku ya tatu, msukuma mkokoteni wa maji akamfikia, akaenda naye sambamba, madumu yanacheza.

"Dada Pasi," akamwambia, "panda hapa juu ya madumu nikufikishe."

"Nilimjibu tusi," anasema Pasi, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Kocha akanirudisha mwanzo. Akasema tusi si salamu."

Polepole alizoea. Akajua mlinzi ana mgongo, mfagiaji wa barabara ana binti aliyeolewa mbali, mama wa kibanda cha magazeti anapungukiwa usingizi. Kwa miaka alikuwa amewapita watu hao wote, hakujua hata sauti zao. Mguu ukaanza kumwacha alale.

Lakini pale kwenye kalavati palimshinda.

"Barabara nzima anakwenda vizuri," anasema kocha. "Akikaribia pale, anachomoka kama kakanyaga kaa la moto. Kila siku. Nampigia kelele, hasikii. Mfupa unapona barabara nzima, unaumia kwenye kalavati. Jioni nauliza, vipi? Unauma. Sasa nifanyeje, niibomoe barabara?"

Picha nyingine ya mguu itapigwa mwisho wa mwezi huu. Ufa ukikutwa umeziba, ataendelea. Ukikutwa umefunguka, daktari ameshasema hatamwandikia ruhusa ya mbio tena, na kiwandani kuna orodha ndefu ya wanaosubiri meza yake.

Kisha, wiki iliyopita, mambo yakazidi kuwa magumu. Mama mkwe alianza kwenda pale kwenye kalavati. Hakuna aliyempeleka. Anatoka na mkongojo wake giza likiwa bado nje, anafika baada ya muda mrefu, anakaa kwenye ukuta mfupi wa kalavati na kutazama lami. Binti yake amezikwa mbali, kwa wazee wao, na nauli ya huko si ya kila mwezi. Pale ndipo karibu.

Mwandishi alimtembelea jana, nyumbani. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti. Alipotaja kilichomleta, mama alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi sina la kusema gazetini, mwanangu," alisema. "Aliyekuwa na maneno mengi nimemzika."

Kwa hiyo asubuhi hii, tunapomwacha mlinzi na mgongo wake, wote watatu tunajua tunakoelekea. Pasi anamwamkia mfagiaji. Anamwamkia mama wa magazeti. Msukuma mkokoteni anampita na kumwuliza kama leo pia hapandi, naye anamjibu kuwa atapanda siku madumu yakiwa na soda.

Halafu barabara inanyooka, na kalavati inaonekana. Kuna mtu amekaa pale, kanga kichwani, mkongojo umelala mapajani.

Mabega ya Pasi yanapanda. Miguu inaanza kukazana, tap, tap, tap. Kocha anasimama juu ya pedali, na mwandishi karibu amwagike.

"Binti!" anaita kocha, sauti yake haikufoka leo. "Salamu, binti. Salamu kamili."

Hatua zinasita. Zinakazana tena. Kisha, na huwezi kujua alikoitoa nguvu hiyo, zinarudi kwenye ule mwendo usiomwamsha hata mbwa wa ghala. Pasi analia. Analia wazi, bila kujifuta, na anaendelea kuja.

"Shikamoo, mama."

Mama anatazama lami.

Kanuni inasema usikilize jibu. Pasi anaacha nafasi, nafasi kamili ambayo marahaba ingekaa, na hatua zake zinahesabika ndani yake.

"Umeamkaje, mama?"

Anaacha nafasi.

"Miguu, mama? Baridi haijakusumbua?"

Anaacha nafasi nyingine, na tayari amempita. Hakuchomoka. Yuko upande wa pili wa kalavati na bado anakwenda mwendo uleule, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika. Baiskeli yetu inapita mbele ya mama kwa kelele zake zote.

"Wewe wa keria."

Kocha anakanyaga chini. Mwandishi anageuka.

Mama hajamtazama mtu. Anaonyesha kwa mkongojo, mbele, chini, kule kwenye miguu inayokwenda. Sauti yake imekwaruza, ya mtu ambaye ameipumzisha kwa muda mrefu.

"Mwambie huyo kamba ya kiatu imefunguka."

Hatukuwa na haja ya kumwambia. Pasi amesikia. Amesimama, mahali ambapo mwaka mzima hakuwahi kusimama, na ametupa kisogo.

Lakini ujumbe umetumwa, na aliyetumwa lazima afikishe. "Mama anasema," mwandishi anamwambia akiwa ameshuka kwenye baiskeli, "kamba ya kiatu chako imefunguka."

Pasi anapiga goti. Kamba ya kulia imefunguka kweli, inaburuta vumbi. Anaishika, inamponyoka, anaishika tena. Anachukua muda mrefu. Akimaliza hiyo anafungua ya kushoto, ambayo haikuwa na tatizo lolote, anaifunga nayo upya.

"Mwambie nimefunga," anasema.

Mwandishi anarudi, anamwambia mama. Mama haitikii. Anatazama lami kama tulivyomkuta, lakini mkongojo ameushusha chini, na anaanza kujiinua aende zake nyumbani.

Saa mbili asubuhi Pasi yuko mezani kwake, mvuke unampanda usoni, amesimama kwa miguu yote miwili. Anaulizwa kuhusu picha ya mwisho wa mwezi. Hajui. Anaulizwa kama atarudi kwenye mashindano. Hajui hilo pia, na anasema wifi yake angemcheka kwa kutojua.

Anachojua ni cha kesho. "Nitapita palepale, mwendo uleule," anasema. "Nitamwamkia. Asipoitikia, nitapita keshokutwa."

Kocha, aliyesimama dirishani na baiskeli yake, anamkumbusha basi kesho azikaze kamba vizuri kabla ya kutoka nyumbani, asije akajikwaa na mguu wenyewe ndio huo.

Pasi anatandaza shuka jingine. Anapitisha kiganja juu yake, kuondoa mikunjo.

"Sizikazi," anasema.